Mama Mkubwa na Kidonge cha Kulalia

Habari ilinikuta nikichanganya rangi. Nafanya kazi katika duka la rangi za nyumba, na mteja mmoja, fundi wa kupaka kuta, alikuwa amesimama upande wa pili wa meza akisubiri ndoo ya rangi ya maziwa, si nyeupe wala si ya manjano. Simu ikaita mfukoni mwa aproni. Alikuwa Mama. Mama akipiga simu huanza kwa salamu ndefu, ataulizia watoto, ataulizia mgongo wa mume wangu, ndipo afike kwenye jambo lenyewe. Safari hii hakusalimu. Alisema, "Acha hiyo kazi, mwanangu. Dada amepumzika."

Nilimwambia nimesikia. Nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea kukoroga. Baada ya muda yule fundi akakohoa kidogo, akasema, "Dada, hiyo sasa imekuwa ya tope." Nikatazama ndooni. Nilikuwa nimemimina rangi ya kahawia mahali pa manjano. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba nimefiwa na mama yangu mkubwa. Akavua kofia, akanipa pole, akasema ukuta unaweza kungoja. Ndoo ile ya tope ipo dukani hadi leo, hakuna aliyeitaka.

Kwa watu wa mtaani kwetu alikuwa Fundi Sweta, na wengi hawakumjua kwa jina jingine. Kwangu alikuwa Mama Mkubwa, dada wa pekee wa mama yangu. Hakujaliwa mtoto wa tumboni mwake, lakini mimi sikuwahi kuiona tofauti. Aliyenizaa na aliyenilea walikaa nyumba moja, na nikichapwa na mmoja nilimkimbilia mwingine, nikakuta huko nako habari zimeshafika.

Walipishana mwaka mmoja tu. Bibi, mama yao, alikuwa mtu wa haki, na maisha yalikuwa ya kubana, kwa hiyo kila kilichoingia ndani kilikatwa katikati: mkate, sabuni, hata penseli ya shule. Sheria ya Bibi ilikuwa moja. Mkubwa anakata, mdogo anachagua. Alidhani kwa njia hiyo mkubwa atakata sawasawa, asije akapunjika. Mama Mkubwa yeye alikata vibaya kusudi, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, ili mdogo wake achukue ule mnene. Bibi alipomgombeza kwamba mikono yake haina shabaha, alikubali lawama. Ndipo akaanza kumwita mama yangu Nusu, na jina likaganda. Uzee uliwakuta bado wanaitana hivyo, Nusu na Dada.

Kazi yao nayo waliigawa. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa na mashine mbili za kufuma, zimetazamana, na kati yake maboksi ya uzi wa sufu, wa kijani, wa buluu na wa kijivu, kwa ajili ya sweta za wanafunzi. Mama Mkubwa alifuma vifua na migongo. Mama alifuma mikono na shingo, kisha akaunganisha. Kila kipande kikifika mwisho lazima vitanzi vyake vifungwe kimoja kimoja kwa sindano, la sivyo kitafumuka chote au uzi utaendelea kuteremka bila mpaka. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na upande wake, mmoja akizidiwa alimsogezea mwenzake, na sweta ikatoka ile ile. Mteja akilalamika kwamba amebanwa, Mama Mkubwa alimjibu bila kuinua macho, "Ukibanwa mkono, mlaumu huyu mdogo wangu. Ukibanwa tumbo, jilaumu mwenyewe."

Alipokoma hedhi, joto likamwingia. Wanawake waliopita huko wanalijua, na wale ambao hawajapita watalijua. Linaanza kifuani, linapanda shingoni, uso unaloa, na dakika hiyo hiyo ana kifua kizima cha sweta ya sufu mapajani. Alikuwa akiacha mstari katikati, anakwenda mlangoni kujipepea na kifuniko cha boksi la uzi, huku akisema, "Nafuma joto la watoto wa watu, na langu nimeshindwa kulivua." Tulicheka. Lakini shuka zake zilianikwa kila asubuhi zikiwa zimelowa, na hasira zikawa karibu. Siku aliyomrushia Mama bonge la uzi kwa sababu ya swali tu la chai, Mama aliokota lile bonge, akalizungushia uzi wake taratibu, akamwambia, "Kesho unakwenda kwa daktari. Leo ni uzi, kesho itakuwa mashine."

Daktari wa akina mama alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Mama Mkubwa alirudi akatusimulia mashauri yale kama mchezo wa kuigiza, akipiga sauti mbili, yake na ya daktari. Aliulizwa kama amewahi kuwa na uvimbe wa titi, kama damu imewahi kumganda mguuni, kama ini lake lina tatizo, kama anatokwa na damu isiyo na sababu, kama kizazi chake bado kipo au kilitolewa. "Mwisho akaniuliza kama karanga zinanidhuru. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, huyu ananikaribisha chakula." Kumbe vile vidonge laini alivyotaka kumpa hutengenezwa na mafuta ya karanga ndani, na mwenye mzio wa karanga havimfai hata kimoja.

Alipewa dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa homoni iitwayo estrojeni, ya asubuhi, ya kutuliza joto. Ya pili ilikuwa projesteroni, vidonge mviringo vyenye kung'aa kama shanga, vya kumeza anapopanda kitandani, kwa kuwa huleta usingizi na kizunguzungu. Daktari alimwambia kwamba hizo mbili zinakwenda pamoja kwa mwanamke ambaye bado ana kizazi, na moja isiachwe. Alimwambia pia kwamba akiona damu yoyote, arudi haraka. Haya yote alitusimulia yeye mwenyewe siku ile. Kusikia alisikia.

Dawa ya asubuhi ilimfanyia kazi. Wiki chache tu, shuka zikawa kavu, na kifuniko cha boksi kikarudi kwenye boksi lake. Ya usiku ndiyo iliyomsumbua, kwa sababu hakuimeza anapopanda kitandani kama alivyoambiwa. Aliimeza baada ya chakula cha jioni, kisha akarudi kwenye mashine, kwani shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na oda zilikuwa nyingi. Kichwa kikawa kizito, macho yakajifumba, vitanzi vikamponyoka mstari mzima. Asubuhi Mama alikuta mgongo wa sweta una tundu la kupitisha ngumi. "Kidonge hiki kinanilewesha," Mama Mkubwa akasema, "na mimi ni mtu wa kwaya."

Basi akajiwekea hesabu yake. Ya asubuhi ndiyo dawa. Ya usiku ni ya kulalia tu, na yeye kulala hajashindwa. Sidhani kama mtu mwingine angefikiri hivyo. Lakini yeye miaka yote alikuwa ameishi na kazi ya vipande viwili, kifua huku, mikono kule, na kipande kisichokufaa leo unamsogezea mwenzako.

Mwaka ule ule baba yangu alifariki. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nakaa upande mwingine wa mji, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili. Mama alikosa usingizi kabisa. Alikuwa akizunguka ndani ya nyumba, anahamisha sufuria, anafagia palipofagiwa. Kati ya chumba chake na cha dada yake kulikuwa na ukuta mwembamba, na Mama Mkubwa aliyasikia yote. Wote wawili wamenisimulia kilichofuata, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yamefanana. Mama Mkubwa aliingia na kikombe cha maji na kile kidonge kwenye kiganja. Akasema, "Meza hiki, Nusu. Mimi kinanilaza na sitaki kulala. Wewe unataka kulala na huwezi. Mungu mwenyewe amegawa."

Mama alikimeza, akalala. Kwa mjane yule, usingizi mmoja ulikuwa kama mvua. Hakuulizwa habari ya titi, wala ini, wala damu kuganda. Wala karanga. Ni rehema tu za Mungu kwamba hakudhurika, na asubuhi nyingine alikuwa akishika ukuta kwa kizunguzungu huku akidhani ni huzuni.

Ikawa hivyo. Mama Mkubwa alikwenda duka la dawa akanunua zote mbili, kama alivyoandikiwa, na muuzaji hakuwa na sababu ya kushangaa. Mkubwa akameza ya asubuhi, mdogo akameza ya usiku. Daktari alitaka awe anarudi kupimwa. Alirudi mara moja, akaulizwa dawa zinakwendaje, akasema zinakwenda vizuri sana, na kwa maoni yake hakudanganya. Baadaye oda zikazidi, akaacha kurudi. Nilipowatembelea niliwakuta wanaimba huku mashine zinakwenda, mmoja hana joto, mwingine ana usingizi, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili ya afya zao.

Zaidi ya miaka miwili ikapita. Kisha Mama Mkubwa akaona damu. Ilikuwa kidogo, ikakatika, ikarudi. Alimwambia mama yangu peke yake, tena kwa kicheko. Alisema amerudi usichana, na kwamba sasa watafutiane wachumba, yeye achukue mwenye gari na Nusu achukue mwenye meno. Walicheka mpaka mashine zikasimama. Mama alidhani ni ile dawa ya asubuhi inamrudishia nguvu, na dada yake alidhani hivyo hivyo. Damu ya mwanamke aliyekwisha koma hedhi haina mzaha ndani yake, lakini kwao iliingia kama habari njema, wakaipokea.

Niliyajua haya siku nilipofika nikamkuta amekaa juu ya boksi la uzi badala ya kiti, uso umepauka kama karatasi. Alikuwa ameinuka kupima uzi kwenye mizani, miguu ikamkataa. Mama alikuwa amekwenda kupeleka sweta shuleni. Nilipomuuliza akaleta mzaha wake wa wachumba, lakini safari hii sauti haikufika mwisho. Nikaita gari, tukaenda kwa daktari yule yule.

Vipimo vilichukua siku kadhaa. Walichukua kipande cha utando wa ndani ya kizazi, wakakipeleka maabara. Majibu yalipotoka tulikuwa wawili mbele ya daktari, mimi na Mama Mkubwa, kwani hakutaka Mama aje. Ilikuwa saratani ya kizazi, na ilikuwa imeshatoka nje ya kizazi chenyewe. Daktari alisema polepole, akangoja, akasema tena. Kisha akauliza, "Mama, ile ya kulalia ulikuwa unaimeza?"

Mama Mkubwa alinitazama mimi kwanza, akarudisha macho kwa daktari. "Nilimpa mdogo wangu," akasema. "Alikuwa hapati usingizi."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakumgombeza, na mimi nitamshukuru kwa hilo daima. Alieleza kwamba ile homoni ya asubuhi, pamoja na kutuliza joto, huukuza utando wa ndani ya kizazi. Ya usiku kazi yake kubwa si usingizi. Kazi yake ni kuuzuia ule utando usizidi kukua. Ukimeza ya kwanza bila ya pili, na kizazi unacho, utando unanenepa mwaka hadi mwaka, na mwisho unaweza kugeuka. Aliongeza kwamba hakuna anayeweza kuapa kwamba bila hivyo Mama Mkubwa asingeugua, maana wapo wanaougua bila dawa yoyote. Lakini hatari aliiongeza mwenyewe, na ile damu ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikibisha hodi.

Vidole vya Mama Mkubwa vilikwenda juu ya mapaja kama vinavuta uzi. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nafuma bila kufunga."

Nje, kwenye benchi la kusubiria gari, alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na ngozi ngumu ya uzi. Alisema nisimwambie Nusu. Alisema dada yake hajakaa sawa tangu msiba wa baba yangu, na akijua ni nani aliyeulipia usingizi wake, hatalala tena duniani. Nilimwambia siwezi kumdanganya mama yangu, Mungu ananiona. Tena daktari amesema Mama aache kile kidonge mara moja, aje apimwe kama wengine. Akafikiri kidogo. "Basi usiseme uongo. Wewe nyamaza tu, niachie mimi. Kidonge nitamnyima mwenyewe."

Alifanya hivyo. Alimwambia Mama kwamba vidonge vimeadimika madukani. Kuhusu ugonjwa alimweleza jina lake, kwani hilo halikufichika. Mama aliupokea kwa magoti, kwa sala, kisha kwa kazi. Mashine ya dada yake aliifunika kwa shuka, na yake akaisogeza chumbani kwa mgonjwa ili afume huku akimwangalia. Usingizi ulipompotea tena hakuna aliyeshangaa, wala yeye mwenyewe. Nani analala nyumba ina mgonjwa?

Mama Mkubwa alifanyiwa upasuaji, akapewa na dawa kali za mishipani. Tulisali, kanisa zima lilisali, na mimi nilimwomba Mungu kwa maneno niliyoyajua na yale nisiyoyajua. Mwili ukapungua. Na yeye aliyekuwa akijipepea mlangoni akaanza kusikia baridi, baridi isiyotoka hata kwa mablanketi mawili. Tukagundua hana sweta. Miaka yote ya kufuma, hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Mama akamfumia. Alichukua uzi wa kijivu, akafuma kifua na mgongo, kazi ambayo hakuwa ameizoea, kisha mikono na shingo, akaunganisha. Ilikuwa sweta ya kwanza ya nyumba ile kufumwa na mtu mmoja. Mgongo ulitoka mpana kuliko kifua, na mikono ikazidi urefu. Mama Mkubwa alivalishwa akiwa amekaa kitandani, akajitazama. "Nusu," akasema, "umenifumia gunia." Mama akamjibu kwamba mteja asiyelipa halalamiki. Walicheka kidogo, cheko la watu wanaoogopa kuumia.

Alilazwa tena hospitali. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mwanamke aliyekuja kwa jambo jingine, ambaye alikuwa anatumia dawa kama zile. Muuguzi alisimama kati ya vitanda viwili akimwelekeza. Mama alikuwa amekaa pembeni anakunja nguo, na mimi nimeshika bakuli. Muuguzi yule hakujua chochote habari zetu. Alisema tu, kwa sauti ya kila siku, "Hii ya kulalia usiiache, mama, maadamu kizazi unacho. Inakulinda usije ukapata saratani huko ndani. Imeze ukiwa umeshamaliza kazi zako, ukiwa kitandani. Na usimgawie mtu, hata awe ndugu yako." Akakionyesha kile kidonge, mviringo, chenye kung'aa.

Nilimwona Mama akikiona. Mikono yake iliacha kukunja. Kisha ikaendelea, ikamaliza rundo lote, ikapanga kanga juu ya kanga, ncha kwa ncha.  

Jambo lile Mama alilisema nyumbani siku nyingine, baada ya daktari kutueleza kwamba lililobaki ni kumtuliza maumivu, tukamrudisha chumbani kwake. Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka kitandani, na mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya uji. Mama alikuwa anampaka mafuta miguuni.

"Dada," akasema, "kile kidonge kilikuwa chako."

Mama Mkubwa alinitazama, akaona kwamba si mimi niliyesema. "Kilikuwa chetu," akasema. "Kitu gani nimewahi kuwa nacho kikawa changu peke yangu?"

"Kilikuwa kinakulinda. Nimemsikia yule muuguzi. Miaka yote ile nimelala juu ya uhai wako."

"Hukujua, Nusu. Na mimi niliambiwa nikajifanya najua zaidi. Hilo ni langu, usigawane nami."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungelala?"

Mama alirudi kwenye miguu, akaipaka taratibu, kidole kwa kidole, kama anavyofanya kwa mtoto mchanga. Mafuta yalikuwa yameisha mkononi zamani, bado anapaka. Kisha akasema, na sauti yake ikavunjika katikati, "Tangu utoto ulikuwa unakata vibaya."

Mama Mkubwa akafumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni. "Na wewe tangu utoto," akasema, "unachukua kipande kikubwa."

Ndipo wakalia, wote wawili, na mimi nikaweka sahani chini nikatoka. Nilisimama chumba cha mbele kati ya mashine, nikamwambia Mungu kwamba simwelewi, lakini simwachi.

Tangu mchana ule hawakufichana tena. Mama Mkubwa alimwekea mdogo wake masharti mawili, la kwanza aende akapimwe. Mama alikwenda. Hakukutwa na ugonjwa. Daktari alimweleza kwamba kukosa usingizi kwa mfiwa kuna tiba yake, na si ile. Sharti la pili lilikuwa kwamba jambo hili lisizikwe naye. Alisema wako akina mama wengi wanaogawana vidonge kama wanavyogawana chumvi, na wote wanapendana. Mama si mtu wa kuandika, mkono wake umezoea uzi, kwa hiyo ameniomba mimi niandike, na kabla sijamaliza amenitaka nimsomee kila ukurasa kwa sauti. Palipokuwa na neno la kumlaumu daktari alinifutisha. Palipokuwa na neno la kumtetea yeye mwenyewe, pia alinifutisha.

Nirudi kwenye siku ile ya rangi ya tope. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama ameketi kando ya kitanda, hajalia. Alinieleza kwamba asubuhi Mama Mkubwa aliomba maji, akanywa kidogo, akauliza kama shule zimefunguliwa. Mama akamwambia bado. Akasema, "Basi tuna muda," akageukia ukutani, ule ukuta mwembamba wa upande wa chumba cha mdogo wake. Pumzi ikawa ndefu, ikawa fupi, ikakoma. Mama aliendelea kumshika kwa muda, kisha akanipigia.

Tulimwosha sisi wawili. Majirani walitaka kusaidia, Mama akawaomba wangoje nje. Tulimvisha gauni lake la kwaya, na juu yake Mama akamvisha sweta ya kijivu. Mchungaji aliiona, akauliza kwa upole kama haitakuwa vema kumvisha kitu kizuri zaidi. Mama akamjibu kwamba Dada anasikia baridi. 

Tulimzika siku ya pili, baada ya ibada fupi. Watoto wa shule tatu walikuja na walimu wao, wamevaa sweta za kijani, za buluu na za kijivu, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Walisimama wakitokwa jasho, hakuna aliyevua. Kwaya iliimba, na nafasi yake katika mstari wa pili waliiacha wazi. Mchungaji alipouliza kama kuna neno kutoka kwa familia, nilidhani nitasema mimi. Mama akainuka. Alisimama kando ya jeneza, akawaambia wanawake waliokuwepo kwamba dada yake amekufa kwa saratani ya kizazi, kwamba alikuwa akimgawia yeye dawa iliyokuwa ya kumlinda, na kwamba damu ilipokuja baada ya hedhi kukoma, wao waliicheka. Akasema mwenye dawa ya namna hiyo akaiulize kwa daktari wake kabla ya kuiacha au kumpa mwingine. Akasema asante kwa kuja. Akaketi.

Kabla kifuniko hakijafungwa alinyanyuka tena. Mikono ya sweta ilikuwa imeteremka ikafunika vidole. Aliikunja, wa kulia, kisha wa kushoto, akaipima kwa jicho mpaka ikalingana, vidole vikaonekana. Akasema, "Haya, Dada." Mafundi wakapiga misumari. Tulimteremsha, mchungaji akasali, nikatupa udongo baada ya Mama, na wengine baada yangu. Kaburi lilipojaa tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alikwenda moja kwa moja chumbani kwa dada yake, akalala juu ya kitanda akiwa na viatu. Nilimvua, nikamfunika, nikafunga mlango.